Haibridi Ugenini: Kisa cha Adapta Iliyoyeyuka

Gari la kisa hiki ni haibridi ya kuchomeka, yaani lenye injini ya petroli pamoja na betri inayochajiwa kwa kebo, nalo limesajiliwa Uingereza. Lilivuka kwenda Ufaransa kwa treni ya chini ya bahari, likakaa wiki moja kwenye nyumba ya kupanga huko mashambani, kisha likapanda milima ya Uswisi kabla ya kurudi. Ndani walikuwemo mume, mke na watoto wawili. Usiku wa pili katika nyumba ile, adapta iliyounganisha kebo ya gari na soketi ya ukutani ilianza kuyeyuka. Hakuna aliyeumia wala ukuta haukuungua. Mwenye gari aliniletea picha za adapta hiyo pamoja na kumbukumbu za chaji zilizobaki kwenye simu yake, tukazipitia hatua kwa hatua.

Alitaka kujua mwenye kosa ni nani: aliyetengeneza adapta, mwenye nyumba, au gari lenyewe. Ni swali la haki na nitalijibu. Ila kuna jingine lililonishughulisha zaidi. Usiku ule tangi lake lilikuwa na petroli ya kutosha kwenda mamia ya kilomita. Mwenye gari la umeme tupu akifika ugenini betri ikiwa chini, hana budi kutafuta umeme popote ulipo. Mwenye haibridi halazimiki hata kidogo. Anaweza kuitazama soketi, asiiamini, akaondoka zake. Nguvu hiyo ya kukataa ndiyo faida kubwa ya gari la namna hii safarini, na wengi huisahau pale tu taa ya betri inaposhuka.

Tuanze na gari lenyewe. Betri yake ina takriban kilowati-saa (kWh) 13, na zinazotumika ni kama 10, kwa kuwa kompyuta ya gari huacha akiba juu na chini ili betri isizeeke haraka. Chaja iliyomo ndani ya gari hupokea fazi moja, yaani laini moja ya umeme, ya ampea 16, ambayo ni kama kilowati (kW) 3.7 kwa umeme wa volti 230. Tundu la kuchajia ni la Aina ya 2, lile la pini saba, ambalo sheria za Umoja wa Ulaya zimelifanya kuwa la kawaida kwa umeme wa AC, ule wa majumbani. Tundu la umeme wa DC, ule wa chaji ya haraka unaoingia moja kwa moja kwenye betri, halipo kabisa, na ndivyo zilivyo haibridi nyingi za kuchomeka. Baadhi tu, kama Mitsubishi Outlander yenye tundu la CHAdeMO (mtindo wa Kijapani wa chaji ya DC), ndizo zilizotengenezwa kuupokea.

Kukosa tundu la DC kulimfika mwenye gari siku ya kwanza kabisa. Katika kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu alikuta safu ya mashine kubwa, kila moja na kebo nene ya CCS, mtindo wa Ulaya wa chaji ya DC. Akavuta mojawapo, akakuta kichwa chake kina pini mbili nene chini ambazo gari lake halina mahali pa kuzipokea. Akazunguka akitafuta mashine ya AC, hakuipata, akarudi barabarani amekasirika.

Hasira hiyo haikuwa na msingi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Gari lake hutumia karibu kWh 20 kwa kila kilomita 100 za umeme, kwa hiyo betri iliyojaa humpa kilomita 50 hivi. Injini ikifanya kazi, kilomita hizo 50 hunywa lita 3 za petroli. Hata angeipata mashine ya AC, angesimama saa tatu na zaidi, watoto wakiwa nyuma, ili kuokoa lita 3 katika siku ya kuendesha mamia ya kilomita. Kwenye barabara kuu, haibridi ni gari la petroli, na hakuna haja ya kuliona hilo kama kushindwa.

Basi umeme wake una faida wapi? Pale gari linapolala. Mtu akifika mahali akakaa siku kadhaa, safari zake huwa fupi: kwenda mjini, ziwani, dukani na kurudi. Kilomita 30 leo, 40 kesho. Betri ya kWh 10 inatosha kwa kazi hiyo, ilimradi ijazwe usiku. Wasioijaza wamekwisha kupimwa. Mwezi Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti iliyotokana na vipimo vilivyomo ndani ya magari yenyewe, ikaonyesha kwamba haibridi za kuchomeka barabarani hutoa kaboni-dioksidi mara 3.5 ya kiwango kilichopimwa maabara. Sababu kubwa ni kwamba hazichajiwi mara nyingi kama ilivyodhaniwa. Kwa hiyo jamaa huyu alikuwa na nia njema alipotaka kuchaji kwenye nyumba ya kupanga. Shida ilikuwa vifaa alivyokuwa navyo.

Alikuwa na kebo moja tu, ile ya dharura iliyokuja na gari: upande mmoja plagi ya Uingereza ya pini tatu za mstatili, katikati kisanduku chenye taa, upande wa pili kichwa cha Aina ya 2. Kebo ya pili, yenye Aina ya 2 pande zote mbili, aliiacha nyumbani akiamini kwamba nguzo za umeme huwa na kebo zake kama pampu za petroli zilivyo na mipira yake. Mashine za DC ndivyo zilivyo. Nguzo nyingi za AC barani Ulaya, hasa za mitaani, zina soketi tupu, na mteja huja na kebo yake. Aliona nguzo ya namna hiyo kwenye uwanja wa kijiji, imeandikwa kW 22, akaitazama akapita.

Hata angekuwa na kebo, maandishi yale ya 22 yasingemfaa kitu. Kilowati 22 hupatikana kwa fazi tatu za ampea 32 kila moja. Gari lake huchukua fazi moja, tena ampea 16, basi hupata 3.7 na hakuna kinachoweza kuliharakisha. Hapo pana jambo la kuangaliwa kabla ya kugusisha kadi: namna ya malipo. Nguzo inayotoza kwa kWh haimwonei mwenye chaja ndogo. Inayotoza kwa dakika humfanya alipe muda sawa na jirani yake anayejaza umeme mara sita ya wake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1804 ya 2023, iliyoanza kutumika tarehe 13 Aprili 2024, inataka mashine mpya za kW 50 na zaidi zitoze wateja wasio na mkataba kwa msingi wa kWh, lakini zile ndogo bado zinaruhusiwa kutoza kwa dakika au kwa kila kikao, mradi zionyeshe bei hizo waziwazi. Na hizo ndogo ndizo pekee anazoweza kuzitumia mwenye haibridi kama hii.

Kuna kipimo kimoja ninachompa kila anayeniuliza kama chaji ya barabarani inamlipa. Gawanya lita unazotumia kwa kilomita 100 kwa kWh unazotumia kwa kilomita 100. Kwa gari hili ni 6 kwa 20, yaani 0.3. Bei ya kWh moja ikizidi sehemu 3 za kumi za bei ya lita moja ya petroli, petroli ni nafuu. Ongeza kwamba umeme unaolipia si wote unaoingia kwenye betri, kwani kiasi hupotea njiani kama joto, basi kipimo halisi hushuka kidogo zaidi. Huhitaji kujua fedha ya nchi uliyopo. Hesabu ni ileile.

Sasa turudi kwenye nyumba, maana kisa kiko pale.

Usiku wa kwanza mwenye gari alitumia adapta ya safari aliyozoea kuchajia simu: upande mmoja matundu ya plagi ya Uingereza, upande mwingine pini mbili za mviringo. Soketi ya Ufaransa ina matundu mawili na pini moja ya chuma inayochomoza nje. Pini hiyo ndiyo waya wa ardhi. Adapta yake haikuwa na tundu la kuipokea. Ilikuwa nyembamba kiasi cha kupita kando yake. Akachomeka, kisanduku kikawasha taa nyekundu, gari halikuchaji. Akajaribu soketi tatu za nyumba, zote nyekundu.

Kisanduku kile si pambo. Kazi yake ya kwanza ni kupima kama waya wa ardhi upo, na hakifungi swichi yake ya ndani mpaka kiridhike. Gari limesimama juu ya mipira, bodi yake ni chuma, na chaja yake ina vichujio ambavyo hata vikiwa vizima huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye bodi. Waya wa ardhi ukiwepo, mvujo huo hushuka zake bila mtu kujua. Usipokuwepo, bodi nzima husubiri wa kuigusa, na anayeigusa huenda ni mtoto pekupeku kwenye majani yenye umande. Taa nyekundu ilisema kweli. Ziko nchi ambako taa hiyo inaweza kuwaka ingawa soketi ni nzima: Norwei, kwa mfano, sehemu nyingi zina mtandao usio na waya wa nyutro (ule wa kurudishia umeme), volti 230 zikipatikana kati ya nyaya mbili zenye moto, na baadhi ya visanduku huyachukulia hayo kuwa hitilafu ya ardhi. Lakini hata huko, dawa ni kebo iliyotengenezwa kwa mtandao huo. Kukidanganya kisanduku si dawa popote.

Asubuhi yake alinunua adapta nyingine, hii ikiwa na tundu la pini ya ardhi. Jioni akaichomeka kwenye soketi ya nje, karibu na gari. Taa ikawa kijani, gari likaanza kuchaji kwa ampea 10, familia ikaenda kula. Saa mbili baadaye mke wake alitoka kufunga madirisha akasikia harufu ya plastiki. Bahati njema aliita kwanza, hakugusa. Mume akasimamisha chaji kupitia simu, akazima swichi ya soketi ile kwenye kabati la umeme, ndipo akaivuta adapta. Haikutoka kwa urahisi. Picha aliyonionyesha inaeleza kila kitu: adapta ni nyeupe, pini yake moja imezungukwa na duara la kahawia lenye ukubwa wa kifungo cha shati, na katikati ya duara plastiki imevimba na kuinamia pini. Pini ya pili ni safi kabisa. Tundu la ardhi halina hata alama.

Upande mmoja tu ndio uliounguzwa, na hilo linatupa jibu. Ingekuwa umeme umezidi, pande zote mbili zingepata moto, kwa sababu umeme ule ule unaoingia pini hii hutokea ile. Joto la upande mmoja maana yake mguso mbovu mahali pamoja: ulimi wa shaba uliolegea ndani ya soketi ya zamani, au ndani ya adapta yenyewe. Tuseme mguso ule ulikuwa na ukinzani wa omu 0.1, kitu kidogo mno. Ampea 10 zikipita hapo, joto lake ni wati 10, zote zimekusanyika kwenye sehemu isiyofika ukubwa wa punje ya mahindi, kwa saa mfululizo. Chaja ya simu huvuta kama ampea 0.1, mguso ule ule ungetoa sehemu moja ya elfu ya wati, na adapta ingeishi miaka bila mtu kujua kwamba ni mbovu. Joto hukua kwa mraba wa ampea. Ndiyo sababu adapta "iliyofanya kazi siku zote" si ushahidi wa chochote linapokuja suala la gari.

Na hapa ndipo mwenye gari aliponiuliza swali zuri kuliko yote: mbona hakuna kilichokatika? Plagi ya Uingereza ina fyuzi ya ampea 13 ndani yake. Ukutani kuna sakiti breka. Kisanduku kina ulinzi wake wa mvujo. Vyote vilinyamaza. Vilinyamaza kwa sababu kila kimoja ni mlinzi wa mlango wake. Fyuzi na breka huangalia wingi wa umeme, na umeme ulikuwa ampea 10 sawasawa, ndani ya kiasi. Ulinzi wa mvujo huangalia kama umeme uliokwenda umerudi wote, na ulirudi wote. Kipimo cha ardhi kilikuta ardhi ipo. Hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia joto la mguso, kwa kuwa kipima-joto kingepaswa kuwa ndani ya plagi inayoingia ukutani. Kebo nyingi nzuri za kuchajia zinacho. Lakini ukiweka adapta katikati, kipima-joto hubaki upande wa adapta, na soketi yenyewe haina wa kuihisi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lake la kwanza ni kwamba kosa ni la mpangilio. Adapta za safari hutengenezwa kwa simu, kompyuta na mashine za kunyolea. Huenda ile ilikuwa na maandishi ya ampea 10 au zaidi, lakini kubeba ampea 10 kwa dakika tano za birika si sawa na kuzibeba saa tano. Soketi ya nje nayo ilikuwa imechoka. Mwenye nyumba hakujua, na hakuwa ameulizwa. Hilo la kutomwuliza naliona zito kuliko linavyoonekana. Adabu ni sehemu yake tu. Mwenye nyumba ndiye anayejua soketi ipi imepita kwenye waya gani.

Alipoulizwa kesho yake, alijibu bila kinyongo. Kwanza akatoa waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu, jambo ambalo mwenye gari alilikataa kwa heshima, na alifanya vyema: waya uliobaki umezungushwa hauna pa kutolea joto, tabaka la ndani hupikika. Kisha akaonyesha chumba cha kufulia, ukutani mwa gereji. Soketi ya mashine ya kufulia Ufaransa, kwa kanuni za umeme za nchi hiyo, huwa na laini yake peke yake ya waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye kabati. Hiyo ndiyo soketi ya kuombwa katika nyumba yoyote ya kupanga, kabla ya ile iliyo karibu na gari.

Mwenye gari akanunua kebo nyingine ya kuchajia, yenye plagi ya Ufaransa, bila adapta yoyote. Plagi hiyo ina tundu la pini ya Ufaransa pamoja na vibao vya pembeni vya Ujerumani, hivyo inaingia Hispania, Austria, Uholanzi na Ubelgiji pia. Kwa soketi ya kawaida, kebo zinazouzwa Ufaransa kwa kawaida huishia ampea 8. Hizo ni kilowati 1.84, na betri yake hujaa kwa saa sita na kidogo. Usiku una nafasi ya kutosha kwa hilo. Sioni sababu yoyote ya mtu aliyelala kutaka ampea 10.

Hata hivyo usiku wa tatu umeme wa nyumba nzima ulikatika. Safari hii mlinzi alifanya kazi yake. Nyumba nyingi ndogo huko zina mkataba wa kVA 6 (karibu sawa na kilowati 6), nyingine 3 tu, na mita yenyewe hukata umeme matumizi yakizidi. Hita ya maji ilikuwa imepangiwa kuwaka usiku, saa za umeme nafuu, sawasawa na gari, na oveni ilikuwa bado inafanya kazi. Mke wake ndiye aliyeligundua, kwa kuisikia hita ikianza kuunguruma muda mfupi kabla ya umeme kukatika. Wakapanga gari lianze kuchaji saa nane usiku, hita ikiwa imemaliza. Italia ndiko kwenye kuhitaji uangalifu zaidi, kwa maana mkataba wa kawaida wa nyumba ni kilowati 3 tu; gari likichukua mbili, jiko la umeme halina nafasi.

Siku zilizobaki hapakuwa na tatizo. Kila usiku alifanya jambo moja ambalo ningependa kila mtu alifanye: nusu saa baada ya kuanza, aliweka kiganja kwenye plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Mkono ukishindwa kutulia hapo, chaji inasimamishwa. Walimlipa mwenye nyumba kWh walizotumia, karibu 11 na nusu kwa kila betri iliyojaa, maana upotevu nao hulipwa na mwenye mita.

Uswisi ilikuja na soketi yake yenyewe, matundu matatu membamba, ambayo ile kebo mpya haiingii. Hakununua adapta. Alitumia petroli mpaka hotelini, mita kama 1,000 juu ya bonde, ambako kulikuwa na nguzo yenye kebo yake ya Aina ya 2. Akapiga simu kuniambia kwamba hatimaye atajaza betri mpaka juu. Nikamwomba asijaze.

Gari la tani 2 likishuka mita 1,000 lina nishati ya karibu kWh 5.4 ya kurudisha. Ukitoa upepo, mipira na upotevu wa mota, zinabaki kama 2 na nusu za kuingia kwenye betri, yaani robo ya betri yake, bure. Betri iliyojaa haina pa kuziweka. Gari hulazimika kujizuia kwa kuzungusha injini, au kuegemea breki za kawaida, ambazo kwenye mteremko mrefu hupata moto. Gari lake halina mpangilio wa kuzuia chaji isizidi kiasi fulani, kwa hiyo alikaa sebuleni na watoto hadi simu ilipoonyesha asilimia 65, akashuka kuchomoa kebo.

Asubuhi walifika bondeni betri ikiwa asilimia 88, kilomita 40 na zaidi za umeme zikiwasubiri mjini.